Picha ya Katikati Iko Wapi?

Bakubwa na badogo wa amikale, siku hizi tatu kuna picha inazunguka kwenye magrupe yetu, ya Butembo, ya Beni, hata ya wenzetu walioko Kampala. Ni picha mbili zimebandikwa pamoja. Kushoto ni jipe ya zamani, Land Cruiser ya mfululizo wa 40, mlango wa dereva umeingia ndani kama sahani ya supu, bawa la mbele limejikunja, kutu imepanda hadi karibu na dirisha. Kulia ni jipe ileile, maziwa juu, kijani chini, inang'aa mpaka mawingu yanaonekana kwenye kapo. Chini wameandika: "Mbele na kisha." Watu wameweka mioyo, wameweka makofi. Mmoja anasema huyu tolie ana mkono wa baraka. Mwingine: "Tuna Dubai yetu hapa hapa, nani bado anaenda mbali?"

Mimi sikuweka moyo. Niliitafuta picha ya tatu, ile ya katikati, yenye inaonyesha bati likiwa uchi kabla rangi haijapita. Haipo. Na bila hiyo, hizo mbili hazinielezi kitu juu ya kazi. Zinanieleza tu kwamba gari ilikuwa mbaya na leo inapendeza macho.

Kwenye ukurasa huu tunahakiki vitabu, filamu, mahubiri ya Jumapili, mpaka memwari za badogo wetu. Kazi ya mikono hatuihakiki. Tunaisifia, ama tunabishana bei, basi. Naona ni dharau hata kama hatuikusudii. Mtu akiandika shairi tunamuuliza mstari kwa mstari. Mtu akirudisha mlango wa gari kwa nyundo tunampigia makofi kama mtoto aliyecheza vizuri kwenye sherehe ya shule. Leo niruhusuni niihakiki toleri kama kazi yenye kanuni zake, yenye uzuri wake na yenye uongo wake. Nimesoma sosiolojia, najua, mtaniuliza unaingilia nini. Lakini papa mudogo wangu alikuwa tolie Butembo, na likizo zangu zote za sekondari nilizipitisha nikimshikia chuma upande wa nyuma wa bati wakati yeye anapiga mbele. Masikio yangu bado yanalia.

Kwa wasiojua: toleri ni kazi ya kurudisha bati la gari pahali pake. Watanzania wanasema kunyoosha bodi. Na kinachofanya kazi hiyo iwe ngumu ni kwamba bati la gari si manjanja ya nyumba. Kiwandani limekandamizwa kwa mashine mpaka likapata umbo, na umbo hilo linajishikilia lenyewe kwa mvutano. Gari ikigongwa, unaona bonde kubwa kama beseni, unadhani beseni lote limeharibika. Hapana. Sehemu iliyokunjika kweli ni ndogo, mara nyingi ni ule mstari wa pembeni, ule ukingo wenye makali unaozunguka bonde. Pale bati limekunjwa, na kwa kukunjwa limekuwa gumu kuliko mwanzo. Sehemu nyingine zote zimevutwa tu, zinasubiri kuachiliwa. Tolie mzuri anauanza ule mstari, taratibu, kwa kurudi nyuma katika njia ileile bonde lilivyoingia: kilichoingia mwisho kinatoka kwanza. Akiufungua vizuri, katikati ya beseni inarudi karibu yenyewe, na inarudi kwa sauti. Tolie mbaya anapiga katikati, pale bonde ni refu, kwa nguvu, kwa sababu ndipo macho yanapoenda. Anachofanya ni kulinyoosha bati kama unga wa mkate. Kila pigo linaongeza upana, na upana hauna pa kwenda.

Papa mudogo alikuwa anakaa mbele ya mlango uliobonyea muda mrefu bila kugusa nyundo. Wateja walikasirika, walidhani anapoteza saa yao. Anapitisha kiganja juu ya bati, akiwa amevaa soksi kuukuu mkononi, maana kitambaa kinateleza na kiganja kinasikia kilima na bonde ambavyo jicho halioni. Alikuwa akisema, "Mutoto, soma kwanza." Neno hilohilo nililisikia baadaye kwa mwalimu wangu wa falsafa, na nilicheka peke yangu darasani.

Kisha nyundo. Mkono mmoja una nyundo, mwingine una tasi, kile kipande cha chuma kizito kilicholainishwa, kinachoshikwa nyuma ya bati. Wengi wanadhani siku zote unapiga juu ya tasi. Ukipiga pale tasi ilipo, bati linabanwa kati ya vyuma viwili na linatanuka. Kwa hiyo mwanzoni unapiga pembeni: tasi inasukuma bonde kutoka nyuma, nyundo inashusha kilima kilicho jirani. Mwishoni tu, bati likishakaribia, unapiga juu ya tasi, mapigo mepesi, mengi, ya kusawazisha. Sauti inabadilika. Ile ya kwanza ni bubu, ile ya mwisho inalia kama kengele ndogo. Nikiwa kijana niliweza kujua kutoka ng'ambo ya barabara papa mudogo amefika wapi.

Na kama bati limetanuka, kuna moto. Shalumo, ambayo kwetu mara nyingi inakula gesi ya karbire, inapasha alama ndogo, si kubwa kuliko kifungo cha koti, mpaka iwe nyekundu. Unapiga haraka kuizunguka, kisha kitambaa chenye maji. Ile alama inajikusanya na kuvuta jirani zake. Ukizidisha moto, bati lote linajikunja kama ndizi iliyokaangwa na hakuna wa kukusaidia. Mwisho inapita tupa, pana, bila kukandamiza, na tupa ni mhakiki asiye na huruma: kilima kinang'aa, bonde linabaki jeusi. Papa mudogo alipiga, akapitisha tupa, akapiga tena. Mlango mmoja, siku mbili, mara nyingine tatu.

Sasa tuje kwa mastiki.

Sitaki mnielewe vibaya. Mastiki si dhambi. Kabla haijaenea, kuanzia miaka ya 1950, mafundi wa Ulaya na Marekani walikuwa wanajaza vibonde vidogo kwa risasi na bati laini iliyoyeyushwa, kazi ngumu na yenye sumu. Ile ya polyester imewarahisishia wote. Milimita moja au mbili juu ya bati lililokwisha kunyooshwa na kusafishwa, nani atalalamika? Hata papa mudogo alitumia. Ubaya unaanza pale mastiki inapoacha kuwa poda ya uso na kuwa uso wenyewe. Bonde la sentimita tatu halinyooshwi, linajazwa. Kutu haikatwi, inafunikwa. Wanachanganya, wanapaka kwa mwiko kama wanapiga plasta ya nyumba, wanasugua kwa msasa, wanapuliza rangi. Nusu siku. Wanapiga picha.

Turudi kwenye ile picha ya jipe. Ikuzeni kwenye simu yenu. Tazameni ukingo wa bawa la mbele, pale bati linapovunjika kushuka chini. Kwenye gari hizi, zilizotoka Japani kati ya 1960 na 1984, ukingo ule una tabia yake, unaufuata kwa kidole na unajua unaishia wapi. Kwenye picha ya kulia umekuwa mlaini kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Nyundo haifanyi hivyo. Msasa juu ya mastiki ndio unafanya hivyo. Tazameni tena nafasi kati ya mlango na bawa: juu ni nyembamba, chini imefunguka. Basi mlango haujarudi, ama nguzo inayoubeba haijarudi, na wamejaza hapo katikati ili jicho lipite bila kukwama. Halafu yale mawingu mliyoyapenda sana kwenye kapo, fuateni yanavyoingia kwenye mlango. Yanatetemeka. Bati lililonyooka linashika mawingu yakiwa yametulia. Naweza kukosea kwa jambo dogo, picha ni picha. Lakini nikipewa sumaku na dakika tano nitawaambia unene wa ile mastiki kwa kidole, pale sumaku itakapokataa kushika.

Mtasema: na kama mwenyewe ameridhika, inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu ya mama mmoja, jirani yetu, mjane. Mumewe alimwachia jipe ya aina hiyohiyo. Alitaka iingie kazini, ipakie maharagwe na watu siku za soko. Akaipeleka kwenye garaje moja ambayo sitaitaja. Ilirudi ikiwa bibi harusi. Tulimpongeza wote. Msimu wa mvua mmoja ulipita, mmoja tu. Butembo iko juu sana, karibu mita 1,750, baridi na unyevu. Beni iko chini na ina joto. Gari inashuka na kupanda kilomita 54 za RN2 ikitetemeka njia nzima. Bati linapumua kwa joto, mastiki haipumui kwa kiasi kilekile. Ufa mmoja kama unywele, maji yanaingia, hayatoki. Nyuma ya ile rangi nzuri kutu ilikuwa inakula kimya. Siku moja bawaba ya juu ya mlango ilitoka na kipande cha nguzo mkononi mwa abiria, karibu na Maboya, gari ikitembea. Kipande chenyewe kilikuwa mastiki na magazeti. Magazeti, wandugu, yaliyokunjwa na kusukumwa ndani ya shimo ili mastiki ipate pa kushika. Yule abiria hakuanguka kwa sababu alikuwa amebanwa na gunia. Mama alilipa mara ya pili kwa pesa ya shule ya mtoto wake wa mwisho, na huyo mtoto alipoteza mwaka.

Njo maana siiti hii suala la ladha tu.

Lakini pia sitaki kuingia kwenye ule wimbo wa "wazee walikuwa wanajua, vijana wa leo wezi." Si kweli. Nimeona kazi za wazee zenye kutia aibu. Kuna gari moja ya zamani inaegeshwa karibu na soko kuu, kapo yake ilinyooshwa na mzee mwenye jina kubwa, kwa nyundo tupu, bila mastiki hata gramu, na watu wanaionyesha kama hekalu. Wekeni kiganja katikati na msukume kidogo. Plok. Mkiachia, plok tena. Bati limetanuka kupita kiasi, halina tena mvutano, linadunda kama kifuniko cha kopo. Barabarani linapiga makelele njia yote. Mzee alipiga juu ya tasi tangu mwanzo mpaka mwisho, na moto hakuutumia. Mikono peke yake haitoshi kuitakasa kazi. Kuna mkono mvivu na kuna mkono wenye bidii ya bure.

Mfano mwingine unaonyesha zaidi kwa nini kusoma kunatangulia kupiga: Land Rover za zamani, zile ambazo misheni nyingi za kwetu zilikuwa nazo. Gari hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo baada ya vita, basi bodi yake kubwa ikatengenezwa kwa aluminiamu. Tolie asiyejua anaichukua kama bati la kawaida. Anapiga, aluminiamu inakuwa ngumu, anapiga zaidi, inapasuka. Anawasha shalumo akisubiri iwe nyekundu kama chuma. Haiwi nyekundu. Inakaa na rangi yake hadi karibu nyuzi 660, kisha inaanguka chini kama maziwa. Wanaojua wanatumia sabuni. Ndiyo, sabuni ya kipande, ya kufulia. Unaipaka kwenye aluminiamu, unapitisha moto kwa mbali, sabuni ikigeuka kahawia karibu na nyeusi unaacha. Bati limelainika, unaweza kupiga tena. Kipimajoto cha bei ya sabuni! Nikikumbuka memwari tulizoandika juu ya "teknolojia inayofaa mazingira", zenye kurasa mia na hamsini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweka hiyo sabuni, nachoka kidogo.

Nairobi wana shindano linaitwa Concours d'Elegance, linaandaliwa tangu 1970 na klabu ya wenye gari za Alfa Romeo, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Ni mambo ya watu wenye pesa, kofia kubwa na kadhalika, na gari nyingi pale hazijawahi kupakia gunia la viazi. Lakini jambo moja nalipenda: majaji hawaishii kwenye rangi. Wanafungua, wanachungulia injini, wanainama kutazama chini. Mwenye gari anajua tangu mwanzo kwamba kuna mtu atainama. Kwetu hakuna anayeinama. Mteja anazunguka gari mara moja, anapitisha kidole kwenye rangi, anauliza, "Inang'aa hivi mpaka lini?", analipa.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa haiendi kwa matolie. Inakuja kwetu, wenye diploma, maana ndio wateja wao. Nimefanya hesabu na kijana mmoja wa garaje pale Butembo. Kunyoosha mlango kwa mikono kunamla siku mbili na mtu wa kumsaidia. Kuujaza kunamla nusu siku na boksi la mastiki. Mteja analeta bei ileile kwa vyote viwili, na anataka gari Jumamosi kwa sababu ana arusi. "Mukubwa," aliniambia, "nikifanya vizuri, mutu haone. Nikifanya mubaya na rangi iko muzuri, ananipiga picha." Hapo sikuwa na jibu. Kijana anajua nyundo, alifundishwa. Sisi tumemlipa aisahau.

Na wenye pesa zaidi wanaruka shida yote: wanatuma mtu apite Kasindi, Mpondwe, hadi Kampala, soko la Kisekka, anarudi na mlango mzima uliotolewa kwenye gari nyingine. Sawa, kwa gari ya juzi. Kwa jipe ya 1975 mlango huo ni adimu, ukipatikana una kutu yake na makunyanzi yake, na bado utahitaji tolie wa kuukubalisha. Kazi uliyoikimbia inakusubiri mpakani.

Kipimo changu ni hiki, mkipenda mnipinge kwenye maoni. Tengenezo zuri ni lile ambalo fundi wa kesho ataweza kulitengeneza tena. Bati lililonyooshwa, hata vibaya kidogo, bado ni bati: litapigwa, litapashwa moto, litakatwa, litaunganishwa. Mastiki ya sentimita tatu juu ya kutu na magazeti ni ukuta. Anayekuja nyuma hawezi kufanya kitu isipokuwa kubomoa. Na pa kukisomea kipimo hicho ni upande wa nyuma: fungua mlango, ondoa kadi ya ndani, weka taa ya simu, tazama. Nyuma ya bati utaona alama za nyundo kama maganda ya samaki, ndogo, zinakaribiana. Usipoziona, na mbele kumenyooka, uliza.

Mfano wa kazi ninayoisifia nimeuona Beni, mwezi uliopita. Tolie mwenyewe alikuwa na garaje Oicha. Mauaji ya eneo lile, yaliyoanza 2014, yalimfukuza zaidi ya mara moja, na safari ya mwisho alikimbia na nyundo mbili tu ndani ya mfuko wa unga. Tasi alizoziacha hakuzipata tena. Anatumia kipande cha ekseli ya lori, amekisugua mwenyewe mpaka kimepata mgongo wa mviringo upande mmoja na ukingo upande mwingine. Viraka anakata kwenye bati la pipa la mafuta, maana unene wake unakaribiana na wa gari za zamani. Alikuwa na mlango wa jipe ya 40 juu ya matairi mawili, bila rangi, bila poda. Nimeuhakiki kama nilivyowaahidi. Chini, pale alipounganisha kiraka, mstari wa kuunganisha umeinuka kidogo, moto ulizidi. Kona ya nyuma imepita pahali pake kwa nusu ya kidole, na nadhani hatairudisha. Lakini katikati ya mlango, nilipopitisha kiganja nikiwa na kitambaa, hakuna nilichosikia. Nilisukuma, haukudunda. Nyuma, maganda ya samaki kutoka ukingo hadi ukingo.

Nilimwomba nipige picha kabla ya rangi. Alishangaa, akauliza kama nimetumwa na mteja kumpeleleza. Nilipomweleza, aliufuta mlango kwa mafuta kidogo ili bati lionekane vizuri, akasogea pembeni asiingie kwenye picha. Nimeiweka kwenye maoni ya kwanza hapo chini. Si nzuri, kuna kivuli changu. Kuzeni kona ya nyuma muone ile nusu ya kidole.